Mizani, mizania na wiki mbaya

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 41, ni mhasibu, nakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Miezi minne iliyopita tulipimwa afya kazini, sukari yangu kabla ya kula ikasoma 6.3. Daktari akasema bado sio kisukari ila niko njiani, nipunguze mwili, nifanye mazoezi, halafu nirudi. Nilikuwa na kilo 94. Nilishtuka, na Jumatatu iliyofuata nikabadilisha kila kitu: nikaacha wanga wote, sukari, bia na vyakula vya kukaanga, nikaanza kuamka saa kumi na nusu alfajiri kukimbia, na jioni jimu siku sita kwa wiki. Hata vikao vya Ijumaa na marafiki nilivifuta. Lengo lilikuwa kilo 75. Siku kumi na mbili za kwanza nilishuka kilo tano, nikaona nimeweza. Halafu mizani ikagoma. Wiki ya tano kisigino kikaanza kuuma. Mke wangu akaniambia nimekuwa mkali, watoto wananikwepa. Wiki ya sita mwanangu alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, nikala kipande cha keki, nikasema basi, nimeshaharibu, nikala mpaka usiku. Tangu siku hiyo sijarudi, na sasa nina kilo 93. Je, nikaze zaidi, au niachane nayo nikubali mwili wangu? Rafiki yangu anasema ninachokosa ni uwiano, ila hakuna anayeniambia uwiano maana yake nini.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na kisigino, maana hicho hakisubiri falsafa.

Kama kinauma kwa chini, hasa hatua za kwanza ukishuka kitandani asubuhi, kisha kinalegea ukishatembea kidogo, huo kwa kawaida ni utando wa unyayo uliochoshwa. Kama maumivu yako nyuma, kwenye ile kamba nene inayoshuka kutoka shavu la mguu, hiyo ni kano. Vyovyote iwavyo, chanzo kinafanana. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache. Misuli nayo haichelewi sana. Kano hupata damu kidogo, na kuimarika kwake huhesabiwa kwa miezi. Pumzi yako ilipoongezeka ukadhani na miguu imekubali, kumbe miguu ilikuwa bado inajadiliana.

Nalijua hilo kwa gharama yangu mwenyewe. Nikiwa na miaka 29 nilitoka kwenye kutokimbia kabisa hadi kukimbia kilomita kumi, ndani ya wiki sita, kwa sababu ya kubishana na mtu kazini. Nilishinda ubishi. Miezi minne iliyofuata nilikuwa nashuka ngazi kiubavu kama kaa, mkono mmoja ukutani. Na wakati huo nilikuwa tayari nimesomea mambo ya mazoezi, kwa hiyo usidhani elimu humkinga mtu na papara.

Kwa sasa acha kukimbia. Kutembea ruksa, mradi maumivu yasizidi unavyoendelea na yasiwe makali zaidi kesho yake asubuhi. Kikivimba, au ukishindwa kukikanyagia, au ukiwahi kusikia kitu kikikatika nyuma ya mguu, nenda ukaonwe na daktari, usingoje.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo tano ni kalori 38,500. Zigawe kwa siku kumi na mbili: kila siku ulihitaji pengo la kalori 3,200 hivi kati ya ulichokula na ulichotumia. Mwanamume wa umbo lako anayeshinda kitini hutumia kalori 2,500 hadi 3,000 kwa siku. Hata nikikuongezea mbio za alfajiri na jimu ya jioni, ungelazimika kukaa siku zote kumi na mbili karibu bila kula. Hukufanya hivyo. Kwa hiyo zile kilo tano hazikuwa mafuta, au tuseme mafuta yalikuwa sehemu ndogo tu ndani yake.

Sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Mtu mzima huwa na kama nusu kilo, na kila gramu moja hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ulipofuta wanga wote kwa siku moja, ghala likamwagwa na maji yake yakaenda chooni. Hapo tu ni kilo mbili. Weka na chumvi iliyopungua, weka na utumbo uliokuwa mtupu kuliko kawaida, unakaribia kabisa ile namba iliyokufurahisha. Na ndiyo maana baada ya usiku wa keki mizani ilikutukana asubuhi. Ghala lilijazwa tena, maji yakarudi. Hukunenepa kilo mbili usiku mmoja, kama vile hukukonda kilo tano ndani ya siku kumi na mbili.

Nasisitiza hili kwa sababu ndipo ulipodanganywa mara mbili. Mara ya kwanza maji yalikusifu, mara ya pili yakakulaumu, na hukumu zote mbili ukazibeba moyoni kana kwamba zinahusu tabia yako.

Mizani ilipogoma, kitu kingine kilikuwa kinaendelea. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwaweka wanaume 36 wenye afya, wote waliojitolea, kwenye chakula pungufu cha kalori kama 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitakiwa kutembea sana. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kinachokumbukwa zaidi ni yale yaliyowapata vichwani. Vijana watulivu wakawa wakali kwa vitu vidogo. Wakaacha kupenda mazungumzo na kucheka. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi usiku, kulamba sahani, kuota chakula. Hakuna aliyewahi kusema wanaume wale hawakuwa na nidhamu. Walikuwa na nidhamu kuliko mimi na wewe. Walikuwa na njaa.

Msomee mkeo aya hiyo. Nadhani atakuelewa zaidi, na wewe utamwelewa alipokuambia umekuwa mkali. Sisemi njaa yako ilifika ya Minnesota, ila ilikuwa ukoo mmoja, nawe uliichanganya na usingizi. Anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kukimbia, na jioni anatoka jimu usiku, analala jumla ya saa ngapi kwa usiku? Hukuniandikia, lakini naweza kukisia saa tano. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mdogo wa watu kumi wenye uzito mkubwa, waliopewa chakula pungufu cha kiasi kilekile kwa siku 14, mara moja wakiwa na nafasi ya kulala saa 8.5 na mara nyingine saa 5.5. Uzito waliopoteza ulikuwa karibu sawa. Ila walipolala kidogo, mafuta yaliyopotea yalipungua kwa asilimia 55, na badala yake wakapoteza zaidi tishu isiyo mafuta, yaani misuli na kinachofanana nayo. Watu kumi ni wachache, siwezi kujenga nyumba juu yao. Lakini matokeo hayo yanakubaliana na ninayoyaona kila mwaka: mtu anaiba usingizi ili apate muda wa mazoezi, halafu anashangaa mwili unagoma na njaa inamwandama mchana kutwa.

Nimehesabu barua yako. Mabadiliko saba kwa Jumatatu moja: wanga, sukari, bia, vya kukaanga, mbio, jimu, marafiki. Mshika mawili moja humponyoka, nawe ulishika saba kwa mkono uliokuwa unatetemeka kwa majibu ya daktari. Nisingekuita mvivu hata kidogo. Ratiba ile ilipangwa kwa ajili ya mtu ambaye hana mwisho wa mwezi, hana mtoto anayeumwa usiku, hana sherehe ya kuzaliwa kwenye kalenda. Mtu huyo hayupo, na wewe uliadhibiwa kwa kutokuwa yeye.

Hapo ndipo nakujibu kuhusu uwiano. Watu wengi wakilitaja neno hilo wanamaanisha nusu-nusu: keki kidogo, mazoezi kidogo, lawama kidogo. Sina haja na hilo. Mimi naliangalia kama unavyoangalia mizania kazini: pande mbili lazima zikubaliane. Upande mmoja ni kile ratiba inachodai kwako. Upande wa pili ni muda, usingizi, subira na watu ulionao kweli, siyo unaowatamani. Na huo upande wa pili haupimwi kwa wiki nzuri. Chukua wiki yako mbaya kuliko zote za mwaka, ile ya kufunga hesabu za mwaka, unapotoka ofisini saa tatu usiku, umekula umesimama, na mtu wa nyumbani ana homa. Ratiba ambayo hata wiki hiyo inaweza kuibeba, hiyo ndiyo yenye uwiano. Nyingine zote ni za maonyesho.

Kwa hiyo swali la nikaze au niache silijibu kwa upande wowote. Upunguze madai kwanza, halafu usiache.

Na uniruhusu nikuonyeshe kwamba kinachohitajika ni kidogo kuliko ulivyodhani. Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uliowafuata watu 3,234 waliokuwa pale ulipo wewe: sukari iko juu, kisukari bado. Kundi moja lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kujishughulisha kwa dakika 150 kwa wiki, wengi wao kwa kutembea tu. Kundi jingine lilipewa metformin, dawa ya kushusha sukari. Jingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka kama mitatu, waliobadilisha mwenendo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliokunywa metformin, kwa asilimia 31. Hawakukimbia alfajiri, hawakufuta wanga, wala hawakurudi kwenye kilo za ujana wao.

Asilimia 7 ya kilo 94 ni kilo 6.6. Lengo lako la kwanza ni 87.4, tuiite 87. Hiyo 75 sijui umeitoa wapi. Nahisi ni kilo ulizokuwa nazo siku ya harusi. Iweke kabatini pamoja na suti.

Kitu cha kwanza kubadilisha, na kwa wiki tatu kiwe peke yake: baada ya mlo mkubwa wa siku, ondoka mezani utembee dakika kumi hadi kumi na tano. Usisubiri ulale kwanza, usisubiri taarifa ya habari iishe. Ninakichagua hiki mbele ya vingine vyote kwa sababu ya namna misuli inavyofanya kazi. Sukari ikiingia kwenye damu baada ya kula, insulini ndiyo inayobisha hodi kwenye seli ili zifungue mlango. Kwa mtu aliyefika ulipofika wewe, mlango umekuwa mzito, insulini inabisha sana na unafunguka kidogo. Lakini msuli unaojikunja una mlango wa pili, unaofunguka kwa ule mjongeo wenyewe bila kuhitaji insulini ibishe. Na misuli ya mapaja na makalio ni ghala kubwa. Ukiitembeza saa ileile sukari inapopanda, unaichota ikiwa bado iko njiani.

Usijisumbue na hatua 10,000. Namba hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi, haikutoka maabara. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliondoa ile sharti ya zamani kwamba mazoezi lazima yaende dakika kumi mfululizo ndipo yahesabiwe. Unachotakiwa ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, zikijumlishwa vyovyote, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Ngazi za ofisini zimo kwenye hesabu. Zamani sana, mwaka 1953, daktari Jeremy Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva wa mabasi hayohayo waliokuwa wamekaa. Wewe ni dereva, kwa lugha hiyo. Hatuna haja ya kukufanya mwanariadha, tunataka tu uwe kondakta kidogo.

Wiki ya nne, kutembea kukishakuwa kama kupiga mswaki, ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, dakika ishirini na tano kila moja. Sio siku sita. Kaa kwenye kiti kisha inuka bila kushika mikono, mara nane hadi kumi na mbili. Pushapu ukiegemea meza au ukuta. Kitu kizito mkononi, ukivute kuelekea kiunoni huku umeinama na mgongo umenyooka. Inuka kwa vidole vya miguu, taratibu, ushuke taratibu zaidi. Hili la mwisho ni tiba ya hicho kisigino pia, ikiwa hakijavimba. Rudia mzunguko huo mara mbili au tatu. Acha kila seti ukiwa bado unaweza kurudia mara mbili tatu zaidi. Misuli ikikaza kesho na keshokutwa hiyo ni kawaida, siku ya tatu ilegee. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya mazoezi makali, hiyo sio kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hali kadhalika kifua kikibana, au ukizirai.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, maana umeshasoma mengi mno. Wanga sio adui yako. Wingi wake na namna unavyofika mezani ndiyo kesi. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe protini (maharage, samaki, mayai, kuku, nyama), robo iwe wanga. Anza kula upande wa mboga na protini. Usiondoe kitu chochote moja kwa moja isipokuwa kimoja: sukari ya kunywa. Soda, juisi, chai yenye vijiko vinne. Sukari ya kimiminika haishibishi, inapita tu, na kwa mtu mwenye 6.3 ndiyo inayolipa haraka ukiiacha. Baada ya hapo, punguza vyakula vilivyosindikwa sana, vile vya pakiti vyenye orodha ndefu ya viambato. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwapa watu ishirini vyakula hivyo kwa wiki mbili, na vyakula visivyosindikwa kwa wiki mbili, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vile vya kusindikwa kila mtu alikula kwa wastani kalori kama 500 zaidi kwa siku, bila kuambiwa ale zaidi na bila kukusudia.

Tuje kwenye keki, kwa sababu naamini keki ndiyo iliyokuangusha kuliko kisigino.

Nilikuwa na mteja, mama mmoja mwenye daftari dogo la mistari. Kila siku aliyotimiza alichora alama ya vema ya kijani, kila siku aliyokosa mkasi mwekundu. Akaniletea siku moja. Kurasa mbili za kijani, zimepangika kama darizi. Kisha mkasi mmoja mwekundu, Alhamisi. Kisha kurasa tupu mpaka mwisho. Nikamuuliza Alhamisi kulitokea nini. Akasema: alikula mandazi mawili ofisini. Mandazi mawili yalifuta daftari zima.

Watafiti wanaijua tabia hii tangu zamani. Mwaka 1975 Herman na Mack waliwapa wanawake kinywaji cha maziwa na sukari, kisha wakawaambia waonje aiskrimu kadiri wapendavyo. Ambao hawakuwa watu wa kujinyima walikula aiskrimu pungufu baada ya kinywaji, kama ungetarajia, maana walishashiba. Waliokuwa wanajinyima walifanya kinyume: wakishakunywa, walikula aiskrimu nyingi zaidi. Sharti likishavunjika, halina tena cha kulinda. "Nimeshaharibu" ni maneno ya mtu mwenye sharti kali, na kadiri sharti linavyokuwa kali ndivyo kipande kimoja kinavyokuwa ghali. Kipande cha keki kina kalori mia tatu au nne. Kilichokugharimu ni saa tano zilizofuata, na wiki kumi baada yake.

Kazini ukikuta kosa kwenye ingizo moja, unachoma daftari? Unasahihisha mstari huo na kuendelea na mstari unaofuata. Mtafiti Phillippa Lally wa London, na wenzake, waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya, wakakuta kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kilichowachukua watu muda ni urefu wa safari: kati ya siku 18 na 254, na mtu wa katikati siku 66. Zile siku 21 zinazosemwa kila mahali zilianzia kwa daktari wa upasuaji wa urembo, Maxwell Maltz, mwaka 1960, alipoandika kuwa wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Neno "angalau" likapotea njiani. Kwa hiyo wiki sita zako zilikuwa karibu kufika mahali, ila ulizitumia kubeba mizigo saba.

Kwa sababu hiyo nataka uandike kima cha chini. Sio lengo, ni sakafu. Kwangu ingekuwa hivi: katika wiki mbaya kuliko zote, dakika kumi za kutembea baada ya chakula cha usiku, siku nne kati ya saba, na chai bila sukari. Basi. Mazoezi ya nguvu yakikosekana wiki hiyo, hayadaiwi wiki ijayo, hayana riba. Ukifika nyumbani saa tatu usiku, viatu vikiwa mlangoni na vimefunguliwa kamba tayari, utatoka. Vikiwa chini ya kitanda hutatoka, nimejaribu.

Ijumaa rudi kwa marafiki. Sisemi hivyo kukufurahisha. Mtu aliyekatiwa vikao vyake anabaki peke yake na njaa, na njaa isiyo na mazungumzo ni ndefu. Kula kabla ya kwenda, kunywa mbili badala ya tano, na katikati yake maji. Wakikutania, watakutania mara mbili tatu, watachoka. Nyumbani nako, usigeuze meza kuwa zahanati. Watoto hawahitaji kujua kalori zako. Mchukue mmoja wao mtembee naye zile dakika kumi; anayekukwepa sebuleni mara nyingi huongea sana njiani, kwa sababu hamtazamani usoni. Mke wako umwombe kitu kimoja tu: akuambie ukali ukirudi. Yeye ni kipimo kizuri kuliko mizani. Ukali ukirudi, ujue umepunguza chakula kupita kiasi au unalala kidogo, ulegeze kabla hujakatika.

Usingizi uwe saa saba au zaidi. Kama mazoezi ya alfajiri yanakula usingizi, hayo mazoezi yanakudai zaidi ya yanavyokulipa, yahamishe.

Mizani ipande mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, baada ya chooni na kabla ya chai. Usiisome wiki kwa wiki; linganisha wastani wa wiki nne na wa wiki nne zilizopita. Uzito wa mtu huyumba kilo moja hadi mbili kwa maji na chumvi tu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na wiki nyingine hakutakuwa na kitu. Kiuno kipime kwa utepe mara moja kwa mwezi, usawa wa kitovu. Kitambi hutoa habari ambazo mizani huficha, hasa misuli ikianza kuongezeka.

Uliniuliza kama uukubali mwili wako. Ukubali, ndiyo, leo, ukiwa na kilo 93. Kuukubali hakuondoi 6.3. Mtu huitunza gari anayoipenda kuliko anayoitukana kila asubuhi kwenye kioo, na hilo nimeliona kwa watu wengi kiasi cha kutohitaji utafiti. Ila usiruhusu neno "kukubali" liwe jina la adabu la kutorudi kwa daktari. Aliposema urudi alimaanisha, na miezi minne imepita. Ukianza kukojoa mara nyingi, kiu isiyokwisha, au kupungua uzito bila kukusudia, usimalize hata wiki. Na akikuandikia dawa, inywe, haimaanishi umeshindwa.

Ukienda, muombe kipimo cha HbA1c pamoja na kile cha kabla ya kula. Cha kabla ya kula kinasoma asubuhi moja tu. Hiki kingine kinasoma wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na hakihitaji ulale na njaa. Nenda sasa upate namba ya kuanzia, kisha urudie baada ya wiki kumi na mbili. Wiki hizo zihesabu kuanzia siku utakayotembea mara ya kwanza baada ya chakula, siyo kuanzia Jumatatu ijayo, Jumatatu tumeshaijaribu. Ikiwa jibu hili unalisoma jioni, vaa viatu vilivyolegea kisigino, nenda dakika tano, geuza, urudi.